Mkono wa Kulia wa Bwana Williams

Tarehe 14 Aprili 1929, magari 16 yalipangwa katika mtaa mmoja wa Monaco, na nafasi ya kila gari ilipatikana kwa kura. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mji huo kufanya mbio kubwa za magari. Antony Noghès na wenzake wa chama cha magari cha hapo walikuwa wamewashawishi watu kwamba mitaa yenye kingo za mawe, reli za tramu, mlima, handaki na gati lisilo na uzio wa maana ingefaa kwa mashindano. Katika orodha ya washiriki kulikuwa na jina moja lililoandikwa kifupi tu: Williams. Gari lake lilikuwa Bugatti Type 35B iliyopakwa kijani, rangi ya Waingereza katika mbio, ingawa lilikuwa limeundwa Molsheim, Alsace, ambako rangi ya kawaida ilikuwa buluu ya Ufaransa.

Mpinzani aliyeogopwa zaidi alikuwa Mjerumani Rudolf Caracciola, na Mercedes SSK nyeupe yenye injini ya lita 7. Bugatti ilikuwa na lita 2.3. Kwa macho ya mtazamaji lilikuwa pambano la jitu na mtoto. Lakini mitaa ya Monaco haina mahali pa jitu kunyoosha miguu, na Caracciola, ambaye kura ilimtupa karibu na mwisho wa msafara, alilazimika kuwapita watu mmoja mmoja ili tu aione kijani ya Williams kwa mbele.

Jina kamili la Williams lilikuwa William Charles Frederick Grover. Alizaliwa Montrouge, kando ya Paris, mwaka 1903. Baba Mwingereza aliyefuga farasi, mama Mfaransa. Alikua akizungumza lugha zote mbili pasipo kigugumizi, jambo ambalo baadaye lingemfikisha pabaya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliajiriwa kuwa dereva wa mchoraji William Orpen, aliyekuwa na jina kubwa na Rolls-Royce mjini Paris. Yvonne Aubicq, aliyekuwa mwandani wa Orpen, ndiye aliyekuja kuwa mke wa dereva huyo mwaka 1929.

Waandishi wengi huipita haraka kazi ile ya kumwendesha tajiri, kana kwamba ni aibu ndogo ya ujanani. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yenyewe. Dereva wa mtu mkubwa hasifiwi kwa mwendo. Anasifiwa pale bosi aliyeketi nyuma anaposoma barua yake hadi mwisho bila kujua gia imebadilishwa mara ngapi. Ukitaka kubadilisha gia ya gari la miaka ya 1920 bila mtu kuhisi, lazima mikono, miguu na masikio yako yaelewane vizuri sana, na mtu akishaupata uelewano huo katika mwendo wa pole, hauwi mali ya pole peke yake.

Giaboksi ya Bugatti haikuwa na kile kifaa cha ndani kinachosawazisha mizunguko ya meno kabla hayajashikana. Kazi hiyo ilikuwa ya dereva. Akitaka kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, anakanyaga klachi, anatoa liva hadi katikati, anaachia klachi, anapiga resi kidogo ili meno ya ndani yafikie kasi inayotakiwa, anakanyaga klachi tena, ndipo anaisukuma liva mahali pake. Akikosea resi kidogo tu, chuma kinasaga chuma na kelele inasikika mtaa wa pili. Wazee walioendesha malori ya zamani kwenye milima yetu wanaijua kazi hii. Walikuwa wakiisikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Lakini dereva wa lori alikuwa na nafasi ya kujipanga. Williams alikuwa anafanya hayo yote huku akifunga breki, kwa sababu kona iko mbele. Mguu wa kulia ndio unaofunga breki na ndio huohuo unaopaswa kupiga resi, kwa hiyo vidole vinakandamiza kanyagio moja na kisigino kinaigusa nyingine.

Liva yenyewe haikuwa mbele ya dereva. Ilitokeza nje ya bodi, upande wa kulia, kwa kuwa ndani hamkuwa na upana wa kuitosha. Basi kila anapobadilisha gia, mkono wa kulia unaacha usukani na kutoka nje ya gari, kwenye upepo, huku wa kushoto ukishikilia peke yake gari la kilo kama 750 linalorukaruka juu ya reli za tramu. Hata mafuta hayakuja yenyewe. Tanki lilikuwa nyuma na lilihitaji mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kulikuwa na pampu ya mkono karibu na dashibodi, na dereva alitarajiwa kutafuta nafasi ya kuipiga. Miaka michache kabla ya hapo kulikuwa na utingo wa mbio, fundi aliyeketi pembeni kuangalia vipimo na kupampu, lakini kanuni za mwaka 1925 zilimshusha. Kazi zake zikabaki kwa mtu mmoja.

Kutoka Sainte-Dévote unapanda mlima hadi Casino, unateremka kwenye kona ya kituo cha treni, unafika baharini, unaingia kwenye giza la handaki na kutokea kwenye mwanga wa gati, halafu kona kali ya mtambo wa gesi na kurudi ulikoanzia. Ni kilomita 3.18. Ukikadiria mabadiliko kumi tu ya gia kwa kila mzunguko, na mizunguko ilikuwa 100, unapata mara elfu moja za kutoa mkono nje na kuurudisha, na kila mara nafasi ya kukosea ipo palepale.

Breki nazo zina hadithi yake. Ettore Bugatti alitumia waya za chuma badala ya mafuta ya breki, na hakuona haya. Nguvu yote ya kusimamisha gari ilitoka kwenye paja la dereva. Kwa upande mwingine, alizitengeneza ringi za alumini kwa kipande kimoja na ngoma ya breki, zenye spoku nane bapa, na hivyo fundi akivua tairi tu viatu vya breki vinabaki wazi machoni pake. Gari hili lilikuwa limebuniwa na mtu aliyependa vitu vizuri kuliko vitu rahisi. Ekseli ya mbele ina uwazi ndani na springi zimepitishwa katikati yake, kazi ambayo fundi wa kawaida angeikwepa kwa kufunga boliti mbili pembeni. Uzuri huo ulimtaka dereva wa aina yake. Ukiifanyia ubabe Type 35, itakulipa ubabe.

Caracciola aliwahi kuongoza. Baada ya mizunguko kama 30 ile Mercedes nzito ilikuwa mbele, na pengine watazamaji waliamini kwamba mambo yamekwisha. Lakini jitu linakula. Lilikula mafuta na tairi, na liliposimama kwa mafundi wake lilikaa zaidi ya dakika nne. Williams aliposimama alijaza mafuta na kuondoka. Mwisho wa siku Williams alikuwa wa kwanza, Georges Bouriano wa Bugatti nyingine wa pili, Caracciola wa tatu.

Saa ya Williams ilisoma saa 3, dakika 56 na sekunde 11. Kwa kilomita 318 huo ni wastani wa karibu kilomita 81 kwa saa, mwendo ambao basi la abiria leo linaufikia bila mtu kushangaa. Nimelisikia hilo likitumiwa kuwadharau madereva wa zamani. Afadhali tupige hesabu nyingine. Mzunguko wake wa kasi kuliko yote, ambao ndio ulikuwa wa kasi kuliko yote siku hiyo, ulichukua dakika 2 na sekunde 15. Gawanya muda wake wote kwa 100 na wastani unakuwa dakika 2 na sekunde 22 hivi. Ndani ya wastani huo umo mwanzo wa kusimama tuli, kuna magari mabovu ya kuyapita, kuna muda aliosimama kwa mafundi. Tofauti kati ya alipokuwa katika ubora wake wa juu na alipokuwa katika hali zote zikichanganywa ni sekunde saba. Kwa karibu saa nne mtu huyu hakupanda wala kushuka. Mkono ulitoka, mkono ukarudi.

Mwaka huohuo alishinda Grand Prix ya Ufaransa huko Le Mans, na mwaka 1931 alishinda ya Ubelgiji huko Spa akipokezana usukani na Caberto Conelli. Kisha akapunguza mbio polepole. Hakuwahi kuwa maarufu kwa kiwango cha ushindi wake, na inaonekana hakuona tatizo.

Katika ulimwengu wa Bugatti alikutana na watu wawili ambao siwezi kumweleza bila wao.

Robert Benoist alizaliwa mwaka 1895 Auffargis, karibu na msitu wa Rambouillet, mtoto wa mlinzi wa mawindo katika mashamba ya akina Rothschild. Alikuwa rubani wa ndege za kivita katika vita vya kwanza, kisha akawa dereva wa Delage. Gari la Delage la lita moja na nusu, lililobuniwa na Albert Lory, lilikuwa na silinda nane na injini iliyozunguka hadi mara 8,000 kwa dakika, ajabu kwa wakati ule. Mwaka 1926 lilikuwa na ila moja: bomba la eksozi lilipita upande wa dereva na kumchoma. Katika Grand Prix ya Uingereza mwaka huo Louis Wagner alishuka na kutumbukiza miguu ndani ya maji baridi, na timu ilishinda kwa madereva kupokezana maumivu. Lory aliirudia kazi yake, akaihamisha eksozi upande wa pili, na mwaka 1927 Benoist akashinda Grand Prix za Ufaransa, Uhispania, Italia na Uingereza, zote nne. Gari lile lilikuwa zuri kiasi kwamba Richard Seaman alishinda nalo tena mwaka 1936. Ila nani angejua uzuri wake kama asingepatikana mtu wa kuliendesha bila kulivunja?

Wa tatu ni Jean-Pierre Wimille, kijana kuliko wao, aliyezaliwa Paris mwaka 1908. Ujanani alikuwa na haraka na aliyavunja magari. Mwaka 1937 Bugatti ilimweka gari moja na Benoist katika saa 24 za Le Mans, gari lenye bodi ya mviringo lililoitwa Tangi. Walishinda, wakiwa wamekwenda zaidi ya kilomita 3,280. Benoist alikuwa na miaka 42 na akaacha mashindano hapohapo. Kinachonivutia zaidi ni yale masaa yenyewe: watu wawili wanaachiana kiti kimoja usiku kucha, na kila mmoja analipokea gari jinsi mwenzake alivyoliacha. Klachi ikiwa imechoka utajua ni nani aliyeichosha. Mwaka 1939 Wimille alishinda tena, safari hii pamoja na Pierre Veyron, na kufikia hapo alikuwa amejifunza kuendesha bila kuonekana anafanya kazi.

Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940 Williams aliingia jeshi la Uingereza, kikosi cha usafirishaji. Mwingereza anayeweza kupita kwa Mfaransa hakuachwa aendeshe malori kwa muda mrefu. Shirika la siri la SOE lilimchukua, likamfundisha, na mwishoni mwa Mei 1942 akashushwa Ufaransa kwa mwavuli. Mtandao wake uliitwa Chestnut. Ilibidi atafute watu wa kuaminika katika nchi ambayo jirani anaweza kuuza jina lako, na aliwaendea Benoist na Wimille.

Ni rahisi hapa kusema kwamba udereva uliwafundisha ushujaa, na wako waliosema. Siamini. Kuvumilia chumba cha mahojiano hakufundishwi kwenye kona yoyote, na walikuwapo madereva wakubwa waliokaa kimya, na wengine waliokula meza moja na wavamizi. Nadhani mbio ziliwapa kitu kidogo na cha kweli zaidi. Magari ya zama zile yalikuwa na tairi wazi, na tairi mbili zikigusana kwa kasi, moja hupanda juu ya nyingine. Ukikimbia ubavuni mwa mtu katika mtaa mwembamba, unamkabidhi uhai wako kwa kipimo cha kiganja. Baada ya miaka kumi unajua ni nani anayekuachia nafasi yako na ni nani anayekufinya ukutani akitabasamu. Williams hakuhitaji kuwapima Benoist na Wimille. Alikuwa nayo majibu tangu zamani.

Kazi yenyewe haikuwa ya kusisimua. Walitafuta viwanja ambako ndege zingedondosha silaha, wakapokea makontena usiku, wakayabeba na kuyaficha, mengi katika eneo la familia ya Benoist huko Auffargis, wakisubiri siku ambayo majeshi ya washirika yangetua. Huu ni ufundi wa kusubiri. Zimeandikwa hadithi za mitambo iliyolipuliwa na viwanda vilivyokwamishwa. Nazisoma kwa tahadhari. Mtandao huo ulikuwa mdogo na kimya, na ukimya ndio uliokuwa ustadi wake. Udogo huohuo ulikuwa pia hatari yake, kwani ukimjua mmoja umekaribia kuwajua wote.

Mwisho wa Julai 1943 Wajerumani, wakiyafuata mawimbi ya redio, walimkamata Roland Dowlen, aliyekuwa mtuma ujumbe wao. Tarehe 2 Agosti walifika Auffargis na kumchukua Williams. Siku chache baadaye Benoist alinaswa Paris, akatiwa ndani ya gari katikati ya walinzi. Gari lilipokuwa likienda, alijirusha nje na kupotelea mitaani. Dereva wa zamani anajua ni sekunde ipi gari linakuwa na mwendo wa kuruka bila kuvunja mfupa, na hapa nakubali kwamba udereva ulisaidia.

Benoist alifika Uingereza, na angeweza kubaki huko. Alirudi Ufaransa Oktoba 1943, akatoka, akarudi tena Machi 1944 pamoja na Denise Bloch, mtuma ujumbe wa redio, kufanya kazi upande wa Nantes. Wimille alikuwa naye. Juni mwaka huo, majeshi yakiwa tayari yametua Normandy, Benoist alisikia kwamba mama yake yuko mahututi Paris. Alikwenda kumwona, akakamatwa. Nyumba waliyoitumia huko Sermaise ilizingirwa mara moja, na Bloch akachukuliwa. Wimille alitoroka na kujificha ndani ya maji ya kijito mpaka msako ukapita.

Benoist alinyongwa Buchenwald Septemba 1944. Denise Bloch aliuawa Ravensbrück mwanzoni mwa 1945, na Williams Sachsenhausen mwezi Machi mwaka huohuo, wiki chache tu kabla Ujerumani haijasalimu amri. Majina yao yapo kwenye mnara wa Valençay, pamoja na wenzao wa SOE waliokufa kwa ajili ya Ufaransa.

Tarehe 9 Septemba 1945 magari yalikimbia tena Paris, katika msitu wa Bois de Boulogne. Tairi zilikuwa adimu na magari yalitolewa yalikofichwa miaka mitano. Kulikuwa na mbio tatu. Ya magari madogo ilipewa jina la Robert Benoist, na mshindi alikuwa Amédée Gordini akiendesha gari la mkono wake mwenyewe. Ya mwisho, kombe la wafungwa, ilichukuliwa na Wimille kwa Bugatti ya lita 4.7.

Miaka mitatu iliyofuata Wimille huenda ndiye aliyekuwa dereva bora duniani. Akiwa na Alfa Romeo 158 alishinda Uswisi na Ubelgiji mwaka 1947, Ufaransa na Italia mwaka 1948. Waliomtazama waliona mtu asiye na pilika usukanini, na ukilinganisha na yule kijana aliyevunja magari mwanzoni mwa miaka ya 1930 utaona alikopita. Pembeni alikuwa anabuni gari la barabarani lake mwenyewe, la viti vitatu mbele, dereva akikaa katikati. Wazo hilo linatoka moja kwa moja kwenye kiti cha mbio: anayeendesha anataka kuziona tairi zote mbili za mbele kwa umbali uleule.

Tarehe 28 Januari 1949 alikufa katika mazoezi kwenye bustani ya Palermo, Buenos Aires, akiwa na Simca-Gordini. Mwaka mmoja kabla, huko Rosario, Gordini nyingine ya aina hiyo ilikuwa imekabidhiwa dereva wa Argentina ambaye Ulaya ilikuwa bado haimjui, naye alikimbia mbio zilezile na Wimille. Jina lake Juan Manuel Fangio. Alikuja kuwa bingwa wa dunia mara tano, na alimhesabu Wimille kati ya wakubwa wa wakati wake.